Bartholomeo Aroni Kihwele, Aliyeusoma Mto Luvaso (1948–2025)

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Ihomelo Mpya, wageni mliotoka Iringa mjini na Igawa, na ninyi watani mliolikalia jembe tangu asubuhi mkigoma kuliachia mpaka mletewe soda: kamwene. Haya ni maisha ya marehemu Bartholomeo Aroni Kihwele. Yameandikwa na familia, na yanasomwa na binti yake, Severina. Kaka yake Severina, Dastan, aliomba wasifu huu uwe ukurasa mmoja, watu wasichoke na baridi. Kaka atatusamehe. Marehemu alijaza madaftari thelathini na nane katika maisha yake, kwa hiyo ukurasa mmoja haumtoshi.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1948 katika kijiji cha Ihomelo, kando ya mto Luvaso, wilaya ya Iringa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Aroni Kihwele na Bibi Severina. Vijana mliozaliwa huku juu kwenye upepo, hiyo Ihomelo siyo hii. Ilikuwa kule chini, mahali ambapo leo mkitazama mnaona maji matupu. Mto ulikuwa ukisikika hata mtu akiwa kitandani. Vinyungu, yale mashamba ya bondeni yasiyokauka, vilijaa pande zote mbili, na mwezi wa kumi, mjini wakila mahindi makavu, Ihomelo walikuwa wanachoma mabichi. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na kichaka cha mianzi ya ulanzi, na masika yakianza ungekuta mbeta za kukingia utomvu zimefurika, nyuki wanaelea juu ya pombe wamelewa. Korongo wenye taji walishuka bondeni wawili wawili kama watu wanaokwenda kanisani. Viboko walikuwa na dimbwi lao kwenye kona ya mto, watu walikuwa na mahali pao pa kuchotea, na kila upande ulimheshimu mwenzake, isipokuwa kiboko mmoja mzee aliyeyapenda mno maboga ya Bibi Severina. Jamani, palikuwa patamu pale. Waliopajua wako hapa, waulizeni.

Alianza shule Ihomelo mwaka 1957, kisha akaenda shule ya kati kule Kalenga, alikokaa kwa mjomba wake hadi alipomaliza mwaka 1964. Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu aliuliza darasa kina cha mto unaopita Kalenga. Mmoja akasema mrefu, mwingine akasema mrefu sana. Kesho yake Bartholomeo alikuja na kamba ya katani yenye mafundo, nguo zimelowa mpaka kifuani, akasema, "Mwalimu, pale kwenye jiwe ni mafundo sita. Pengine sikufika." Alichapwa kwa kuingia mtoni bila ruhusa, halafu akapewa daftari jipya. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba viboko amevisahau ila daftari analikumbuka mpaka rangi ya jalada.

Mwezi Machi 1968 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msomaji wa kipimo cha mto. Kwa wasiojua, kipimo hicho ni ubao wa chuma wenye namba, unaosimamishwa majini, na msomaji huushukia mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, akaandika maji yamefika namba gani. Ni hilo tu, kila siku, Krismasi na Pasaka. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Igawa, darajani. Aliyemfundisha kazi alikuwa Mzee Lusekelo, mtu wa Tukuyu, mkali wa maneno lakini mwepesi wa kumgawia mtu wali. Siku moja Bartholomeo alishikwa na homa, akashindwa kushuka mtoni, akaandika namba ya jana yake. Lusekelo akashuka mwenyewe, akakuta maji yamepanda karibu nusu mita. Alirudi akachana ule ukurasa mbele yake.

"Bwana mdogo, mto haukujui wala haukuogopi," alimwambia. "Andika ulichokiona. Kama hujaona, acha wazi. Nafasi iliyo wazi haimdanganyi mtu."

Maneno hayo marehemu aliyarudia kwa watoto wake mpaka wakayachoka. Ndugu mliokaa hapa, yashikeni kidogo, tutayarudia.

Mwaka 1974 alihamishiwa nyumbani, kituo cha Luvaso, Ihomelo, akakaa hapo mpaka alipostaafu. Tarehe 2 Oktoba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Verediana, binti wa ng'ambo ya mto. Misa ilichelewa, watu wakaketi kula saa tisa na nusu, na ilipokaribia saa kumi bwana harusi hakuonekana mezani. Akina mama wa upande wa bibi harusi wakaanza kunung'unika, wengine wakisema kijana amepata hofu amekimbia. Alirudi na suti ya kuazima imelowa mpaka magotini, akaketi, akamwambia mkewe, "Yamepungua sentimita mbili." Mama anasema pale pale alijua ana mke mwenza, na jina la mke mwenza ni Luvaso. Ila hakununa. Miaka yote baadaye ni yeye aliyemwita kutoka kinyunguni jua likifika usawa wa mti wa msambaraji: "Baba, saa yako hiyo!"

Tarehe 29 Mei 1978 walipata mtoto wao wa kwanza. Alizaliwa kabla ya wakati, mwezi ambao huku baridi inauma mifupa, na Bibi Severina alimbatiza mwenyewe kwa maji ya mtoni, akamwita Faustina. Aliishi siku kumi na moja. Desturi ya bondeni ilikuwa kwamba mtoto ambaye hajaota jino huzikwa na wanawake peke yao, nyuma ya jiko, mahali panapomwagwa maji, ili ardhi yake isikauke. Haliwekwi tuta wala msalaba, na mwanamume haonyeshwi mahali. Baba mtu alikaa mbele ya nyumba, akatazama mto, na saa kumi ilipofika akaenda kusoma kipimo. Basi. Baadaye Mungu aliwapa Dastan, Severina, Sedekia, Aroni na Yustina, watu wakazoea kumwita mke wake Mama Dastan, na jina la Faustina halikutajwa tena kwa sauti ndani ya nyumba ile.

Sasa tuseme habari ya bwawa, maana haiwezekani kumzika mtu huyu bila kulitaja. Mwaka 2005 walikuja wahandisi kutafuta mahali pa kujenga bwawa la umeme, wakauliza kama kuna kumbukumbu za maji. Marehemu akawatolea madaftari, yamefungwa kwa kamba, hayana hata siku moja iliyoghushiwa. Walishangaa. Mhandisi mmoja akamshika bega: "Mzee wangu, mito mingine tunabahatisha. Huu wa kwako tunaujua kuliko mfuko wa shati. Bila wewe bwawa hili lisingejengwa." Akavishwa kofia ya njano ya mradi. Aliivaa miaka minne, mpaka kanisani, na hatufichi: alijivuna. Aliamini Ihomelo itawaka taa. Baadaye aliivua, akaivisha sanamu ya kutishia ngedere shambani, na hakuigusa tena.

Mwaka 2009 ikaundwa kamati ya kuhesabu nyumba, miti na makaburi ya kuhamishwa. Nani awe mwandishi wake? Mwenye mwandiko mzuri, bila shaka. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba, ikawauliza wenye nyumba, na wenye nyumba ni wanaume. Makaburi yaliyoandikwa yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Walipofika kwake, Mama Verediana alikuwa ng'ambo ya mto anavuna maharage. Mwenyekiti akauliza kwa kawaida tu, "Mzee Bartholomeo, kwako kuna makaburi?" Wazazi wake walikuwa wamelala makaburini kwa kijiji, wameshahesabiwa huko. Akatazama uwanja wake, akatazama migomba, hakuona tuta. Akaandika: Makaburi, hakuna.

Hakuacha wazi.

Mwaka 2011 watu walihamishiwa huku juu. Nyumba za kule chini zilisukumwa na mitambo, na mwisho kabisa ndipo magari yalipokuja kufukua makaburi, moja moja, kila moja na namba yake. Siku hiyo watu wamesimama kutazama jeneza la Bibi Severina likiteremshwa katika kaburi jipya huku juu, namba sitini na mbili, Mama Verediana akamgeukia mume wake.

"Na Faustina wangu ni namba ngapi?"

Waliondoka wawili hao, wakashuka kwa miguu hadi geti la mradi, njia ya kuingia bondeni. Mlinzi alikuwa na karatasi. "Mama, pole sana, lakini bila namba ya kaburi siruhusiwi kumpitisha mtu." Wakapanda tena hadi ofisi ya mradi. Pale kijana wa ofisi akafungua jalada, akatafuta, akaligeuza waone. "Mzee, nyumba yenu hii hapa, imeandikwa hakuna. Orodha imeshafungwa. Na huu mwandiko, samahani, si wa kwako?" Ulikuwa wa kwake. Mwezi Februari 2012 maji yalipanda. Yalichukua siku ishirini na tatu kulifunika bonde lote, na Mama Verediana hakumsemesha mume wake siku zote ishirini na tatu.

Mnaoishi hapa mnajua yaliyofuata, lakini wageni wasikie. Tulipewa udongo mwekundu usioshika maji, na upepo. Mianzi tuliyopanda huku haijawahi kujaza mbeta. Mbu tuliokuwa tukiwasikia masika tu sasa wapo mwaka mzima, na watoto wanaocheza kando ya bwawa wanakojoa damu. Chini ya ukuta wa bwawa mto ulibaki mawe. Viboko walijibana kwenye dimbwi moja la mwisho, wakawa wanageuzana ndani ya tope, na kiangazi cha mwaka 2017 walikufa kumi na wanne, harufu ikafika mpaka barabarani. Kambale waliishia kwenye matope, ndege wakawamaliza. Korongo wenye taji walirudi mwaka wa kwanza, wakazunguka juu ya maji, wakazunguka, wakaondoka. Marehemu aliyaandika hayo yote. Na zile nyaya zinazovuma juu ya vichwa vyetu sasa hivi zinapeleka umeme mbali huko, wakati hapa Ihomelo Mpya karatasi hizi zimeandikwa kwa mwanga wa kibatari. Mtu akisema maendeleo, asitushangae tukikaa kimya. Taa tunazitaka. Tulichotaka zaidi ni kuulizwa, na kuulizwa wote.

Toka mwaka ule wa 2012 maji yalipopanda, marehemu alianza tabia iliyowafanya majirani wamwone amechanganyikiwa. Kila asubuhi saa tatu alishuka ukingoni mwa bwawa na mwanzi aliouchonga alama, akausimamisha majini, akaandika. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyeyataka madaftari yake tena. Dastan alimwambia, "Baba, watu wanakucheka." Akajibu, "Wacheke, maji hayacheki." Maji yakishuka aliyafuata na mwanzi wake. Yakipanda alirudi nyuma. Miaka kumi. Watoto wake wenyewe walidhani ni uzee, na Severina anayesoma hapa aliwahi kumfichia mwanzi. Anaomba msamaha mbele yenu.

Kumbe mzee alikuwa na hesabu yake. Wapimaji walipopita kijijini zamani aliwauliza sakafu ya nyumba yake itakuwa mita ngapi chini bwawa likijaa, wakamwambia kumi na moja na nusu. Aliiandika nyuma ya daftari, akakaa nayo. Alikuwa anasubiri bwawa lipungue mita kumi na moja na nusu.

Mwaka 2022 mvua ziligoma. Asubuhi ya tarehe 19 Novemba alirudi kutoka ukingoni akihema, akasimama mlangoni kwa mke wake.

"Mama Dastan, vaa viatu. Nyumba imetoka."

Severina alikuwepo, akawafuata. Walitembea juu ya tope lililopasukapasuka kwa karibu saa nzima, wazee wawili wameshikana mikono, kitu ambacho binti yao hakuwahi kukiona. Palikuwa na visiki vya mianzi, vyeusi. Palikuwa na mawe ya msingi. Na pale jikoni lilikuwepo jiwe la kusagia la Bibi Severina, halijasogea, mitambo ilipita juu yake likakaa tu. Mama alipoliona alipiga yowe, "Uwii, mama mkwe, kumbe ulibaki kulinda!" Akasimama na kisigino kwenye jiwe, akahesabu hatua kuelekea nyuma: saba, kisha mbili mkono wa kulia. Akapiga magoti. Marehemu alibaki mbali, kofia mkononi, kwa sababu mwanamume haendi mahali hapo. Mama akageuka akamwita.

"Njoo. Wewe ndiye baba yake. Njoo uone."

Akaenda. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake safi, akaweka kiganja juu ya ardhi. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na minne, bila kujificha. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama Faustina." Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo la mama kuitwa, miaka arobaini na minne baada ya mtoto kuzaliwa. Mama akamfuta tope usoni kwa khanga yake. Alisema tu, "Mimi nilikusamehe siku uliyoanza kubeba mwanzi. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uendelee." Wakachota udongo wa mahali pale, wakaujaza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, wakapanda nao nyumbani. Mwezi wa kwanza mvua zilirudi na bwawa likapafunika tena. Marehemu hakushuka tena na mwanzi. Alisema kazi imekwisha.

Alianza kuumwa mwezi wa nane mwaka jana, miguu ikivimba na pumzi ikimkatika. Madaktari mjini Iringa walisema moyo umetanuka. Alilazwa mara tatu, akahudumiwa vizuri, na familia inawashukuru sana wauguzi wa wodi ile, ambao aliwasumbua kwa kuhesabu matone ya dripu. "Sista, jana yalikuwa thelathini kwa dakika, leo arobaini. Nani kafungua?" Mara ya mwisho aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki hapa Ihomelo Mpya, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, mkono wake ndani ya mkono wa mke wake. Wapo waliotushauri tuandike kwamba alikata roho saa tatu asubuhi, saa yake ya kusoma mto, ipendeze. Hapana. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Angefufuka atuchanie ukurasa.

Limebaki jambo moja. Karatasi hizi zilipotoka kwa mpigachapa juzi, ziliandikwa kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watano. Mama alizishika, akasomewa, akazirudisha. "Mkazichape upya," alisema. "Safari hii mniulize mimi." Kwa hiyo mlizo nazo mikononi ni za pili, na ndizo sahihi.

Marehemu ameacha mjane, Verediana, Mama Faustina. Ameacha watoto Dastan, Severina, Sedekia, Aroni na Yustina, wajukuu kumi na mmoja, na kitukuu mmoja asiyejua mto unaotembea unafananaje. Anamfuata binti yake wa kwanza, Faustina Bartholomeo Kihwele, aliyezaliwa tarehe 29 Mei 1978 na kufariki tarehe 9 Juni mwaka huo huo. Watoto wake ni sita.

Atazikwa kando ya wazazi wake. Watani, tunawaomba sasa mliachie jembe. Jeneza likishateremshwa, wanaume wasubiri kidogo na makoleo yao. Akina mama watatangulia, kama desturi ilivyo kwa mtoto ambaye hajaota jino, na Mama atamimina udongo wa kopo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha maji kidogo, ardhi yake isikauke. Halafu ndipo na sisi wengine.

Na kwa kuwa mwandishi wa ile orodha hawezi tena kuisahihisha, binti yake anaisahihisha hapa, mbele ya kanisa na kijiji: Nyumba ya Bartholomeo Kihwele, Ihomelo. Makaburi: moja.

Lala, Baba, na mwanao kifuani. Amani ya Mungu iwafunike ninyi wawili.